Msikilizaji wa Mwisho wa Safu

Mwalimu alifika mwisho wa ukurasa, akanyamaza kidogo ameze mate, na mtu akamwitikia, "Naam."

Jambo dogo kabisa. Ukimsomea mtu akakwambia naam, maana yake nimekupata, endelea. Mwalimu akafunua ukurasa uliofuata, akasoma mistari mitatu, ndipo alipoinua macho akamwona mumewe. Alikuwa amebana penseli nyekundu kwa meno, kidole cha kushoto kwenye nakala, mkono wa kulia umeshika kioo cha kukuzia maandishi. Na mtu aliyebana penseli kwa meno hasemi naam, tusidanganyane.

"Umesema kitu?" akamuuliza.

Mumewe akaitoa penseli. "Mimi? Nilidhani ni wewe unajiitikia. Endelea basi, tuna kurasa arobaini."

Mume huyu watu walimwita Nukta, na jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kugombana wiki nzima kwa ajili ya nukta moja iliyofifia juu ya herufi moja ya barua ambayo mwandishi wake kafa miaka mia mbili iliyopita. Kamati ya msikiti ilimpa kazi aliyoitamani tangu ujana wake: kuandika habari za mwanzo za msikiti wao mkongwe. Nani aliuweka msingi, mwaka gani, na kabla ya msingi palikuwa na nini. Mtaani kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna wawili waliokubaliana. Nukta hakutaka majibu ya vibarazani, alitaka karatasi. Karatasi zilikuwepo, ndani ya kasha la mbao katika chumba cha vitabu nyuma ya msikiti: hati za wakfu, barua, na kitabu kimoja chembamba cha mkono ambacho wazee walikiita tu Habari. Kila kizazi kilikitunza, na kila kizazi kiliongeza habari zake mwishoni.

Kazi yenyewe inataka watu wawili. Ukishanakili, huiamini nakala yako mpaka mwenzako akusomee asili kwa sauti, neno kwa neno, nawe ufuate kwa kidole. Nukta hakumwamini mtu kwa hilo ila mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti inayofika nyuma ya darasa la watoto sitini bila kupanda. Na mke aliipenda kazi hiyo, ingawa alijifanya kulalamika. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mtoto mmoja, mama mkwe ndani ya nyumba, na bado saa walizokuwa karibu zaidi ni hizi za mchana baada ya shule, yeye akisoma, mumewe akifuata. Akikosea neno, mume alikohoa. Akisoma vizuri, mume hakusema kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yenyewe. Alimpenda mtu huyu mkaidi kuliko alivyowahi kumwambia.

Wakaendelea. Feni ya mezani ilizunguka, jua liliingia kwa dirisha moja. Chumba kile kilikuwa kikavu kama biskuti, lakini Mwalimu alianza kusikia harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbwa sasa hivi. Hakusema. Alidhani ni vile vitabu vya kale, kila kimoja kina uvundo wake.

Mwishoni mwa kitabu wakazikuta orodha. Nukta akamweleza mkewe kwamba wazee wa zamani walikuwa wakikisoma kitabu chote kikao kimoja mbele ya watu, na mwisho wakaandikwa wote waliokuwepo, aliyesoma na waliosikiliza. Bila orodha kitabu kilikuwa kama ndoa isiyo na mashahidi. Orodha zilikuwa saba, za vizazi saba.

Mwalimu akasoma ya kwanza. Majina sita, na baada ya jina la sita, "na msikilizaji wa mwisho wa safu." Basi, hivyo tu, bila jina. Akasoma ya pili, iliyoandikwa miaka arobaini baadaye kwa mkono mwingine. Watu wapya wote, isipokuwa yeye: "na msikilizaji wa mwisho wa safu." Ya tatu vilevile. Ya nne vilevile.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Hakuna mtu hapo. Makatibu waligezana, huyu akiiga la yule. Wewe fikiri, mtu gani anaishi miaka mia tatu kazi yake kuhudhuria vikao? Hata mjumbe wa kamati yetu angechoka."

Mwalimu akacheka. Kisha akakumbuka. "Na ule ukurasa wa kwanza je? Ule unaosema mjenzi alipokuja kuchimba msingi alimkuta mwenye mahali, asiyeonekana, wakaelewana?"

"Nimeuacha."

"Umeuacha ukurasa mzima? Wewe?"

"Nusu yake imeliwa na mchwa, na nusu iliyobaki ni porojo. Mimi natafuta historia, mke wangu. Nikimpelekea mwenyekiti kitabu kina majini, watanicheka mpaka nizikwe. Na hiyo mistari saba naifuta kwenye nakala. Soma, tumalize."

Mwalimu akasoma kila mstari kwa sauti, maana ndiyo kanuni, asili husomwa yote hata pale utakapoipunguza. Kila alipoutamka mmoja, Nukta aliupitishia penseli nyekundu kwenye nakala. Mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Penseli ilipomaliza mstari wa saba feni ikasimama, na pale kwenye mkeka waliokalia, pembeni ambako hapakuwa na mtu, wakasikia mtu akiinuka: magoti yakilia, nguo nzito ikikunjuka, na pumzi ya mtu aliyekaa kwa muda mrefu mno.

Wakatazamana.

"Panya," akasema Nukta.

"Panya wa kuvaa kanzu?" akasema Mwalimu, lakini hakuna aliyecheka, na harufu ya udongo ikawajaa puani.

*

Kesho yake Nukta alimsalimia mlinzi wa msikiti, mlinzi akatazama mbele kama hakusikia. Nukta alirudi nyumbani akilalamika kwamba adabu imekwisha duniani. Jioni yake mama yake, aliyemzaa mwenyewe kwa uchungu wake na hakuwa na mwingine, akapakua vyakula sahani tatu: yake, ya mkwewe na ya mjukuu.

"Mama, umenisahau leo?" akasema Nukta kwa mzaha.

Mama yake akakaa, akanawa, akala.

Mwalimu aliinuka kimya, akaleta sahani ya nne. Alidhani mama na mwana wamegombana na hawajamwambia. Mambo ya mama na mwana usiyaingilie, ndivyo alivyofundishwa alipoolewa.

Siku ya tatu Nukta alirudi kutoka msikitini akiwa amebadilika rangi. Alisema alisimama kwenye safu kama kawaida, akaja mtu anayemjua tangu utoto, akasimama pale pale alipokuwa yeye, juu ya mguu wake, akamsukuma kwa bega bila hata samahani, na alipojaribu kumgusa yule mtu akajikuna tu.

"Nilitoka nje ya safu," akanong'ona. "Mwalimu, nilitoka na hakuna aliyeona."

"Umechoka. Hujalala vizuri wiki nzima."

"Tazama hapa." Akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye bahasha. Wino ulikuwa mweusi, kisha ukawa kama chai, kisha kama maji, kisha bahasha ikawa nyeupe. Mwalimu akachukua kalamu ileile akaandika jina lake mwenyewe. Likakaa. Akaikunja bahasha akaitia jikoni motoni, na hakujua kwa nini alifanya hivyo.

Lakini kilichomvunja hasa kilikuja kwa mtoto. Binti yao alikuwa na miaka tisa, mtoto wa baba kupita kiasi, wa kulala mpaka asomewe na baba, wa kukataa dawa mpaka baba aionje kwanza. Alikuwa mezani anajaza fomu ya shule, na Nukta amekaa kiti cha pili, karibu kabisa, anamtazama. Binti akafika mstari mmoja, akasita, akageuka.

"Mama, hapa wameandika jina la baba. Nijaze nini?"

Nukta akauweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, taratibu, na mtoto akauvuta mkono wake, akaupangusa kwenye gauni kana kwamba umepitiwa na utando wa buibui.

"Nikiacha wazi, watanigombeza?"

"Acha wazi kwanza, mwanangu," Mwalimu akasema. Nukta akainuka akaenda kusimama uani, na mkewe alimwona kwa dirisha, mabega yanatikisika.

Akamfuata mama mkwe chumbani. Akamwuliza moja kwa moja, maana ya nini tena kuzungukazunguka, "Mama, mwanao yuko wapi?"

Bibi kizee yule alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi Mungu hakunijalia uzazi. Si ndiyo maana nikakuchukua wewe nikakulea?" Na akaendelea kukunja nguo, na kati ya nguo alizokunja yalikuwemo mashati mawili ya Nukta, akayaweka pembeni na nguo za kugawa.

Kuanzia hapo Mwalimu alimshika mumewe kama mtu anavyoshika mshumaa kwenye upepo. Alizungumza naye mfululizo, alilala amemshika mkono, akiwa shuleni alimpigia simu kila kipindi na simu ilipokewa na ukimya na pumzi ya mbali. Maana yeye bado alimwona. Ila kila siku ilibidi amtazame kwa nguvu zaidi, kama unavyosoma maandishi yaliyomwagikiwa maji.

Na pale Nukta alipopungua, kuna mwingine aliongezeka. Mchana mmoja Mwalimu alivuta kile kiti cha pili ili akae, binti yake akamshika nguo.

"Usikae hapo, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu."

"Nani?"

"Yule anayesikiliza." Mtoto akainamisha macho. "Haongei. Nikisoma kazi zangu za shule anasogea. Mama, ananuka udongo."

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea katikati, na Mwalimu akiwa bado anautazama, ulibonyea zaidi, kama mtu mzito anayejiweka sawa.

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea. Imamu mstaafu aliishi nyumba ya pili kutoka msikitini. Macho yalishamwacha, lakini masikio yake, watu walisema, yangesikia sisimizi akipiga chafya. Mwalimu alimshika Nukta mkono wakaenda naye saa sita mchana, jua utosini, na barabarani watu walimsalimia mwanamke anayetembea peke yake na mkono mmoja mbele.

"Karibuni," akasema imamu kabla hawajabisha. Kisha akageuza sikio. "Umekuja na nani?"

"Na mume wangu, Shehe."

"Huyo simsikii. Namsikia mwingine, aliyesimama nyuma yako. Usigeuke. Kaa."

Akakaa. Alimweleza yote, kuhusu naam, orodha saba na penseli nyekundu. Imamu alisikiliza huku vidole vyake vikienda kwenye tasbihi, na alipofika kwenye ukurasa wa kwanza ulioachwa, vidole vikasimama.

"Nusu ile iliyoliwa na mchwa naijua," akasema. "Kila imamu huambiwa na aliyemtangulia. Mjenzi alipotaka kuchimba, mwenye mahali alimtokea. Hakutaka sadaka wala damu. Alisema, mimi na watu wangu tulisikia maneno ya Mungu yakisomwa zamani tukayapenda, lakini hakuna kitabu kilichotuandika kwamba tulikuwepo. Jenga. Nitakaa mwisho wa safu, sitamdhuru mtu. Ila kila mtakaposoma habari za hapa, niandikeni. Mjenzi akakubali, na vizazi saba vikatimiza."

"Na mume wangu akamfuta."

"Akamfuta. Kwa hiyo naye anafutwa. Si hasira, binti yangu. Yeye hajui hasira yetu. Anajua mambo mawili tu, kuandikwa na kuachwa."

"Mfukuze basi, Shehe. Soma, fanya kitu."

Imamu akatikisa kichwa. "Nimfukuze mwenyeji kwa niaba ya mgeni? Yule alikuwepo kabla ya ukuta. Hapa dawa ni moja. Rudisheni mlichokiacha. Soma asili yote, kikao kimoja, tangu ukurasa wa kwanza, jua lisizame hujamaliza. Kisha uandike orodha ya nane chini ya zile saba, kwa mkono wako, maana wino wa mumeo haukai. Kila aliyekuwepo aandikwe. Atakayeachwa ameachwa."

"Kwa nini mimi sijamsahau mume wangu, kama wote wamemsahau?"

"Si uliutamka mstari wa huyo msikilizaji kwa kinywa chako mara saba? Wewe hukumwacha." Akavuta pumzi. "Lakini hizo zilikuwa orodha za zamani, hazitakulinda daima. Fanya haraka. Kesho."

*

Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri wakakusanyika chumba cha vitabu. Mama mkwe aliambiwa ni kisomo cha kuombea nyumba, akaja na tasbihi yake. Binti alikaa kando ya bibi. Imamu alikaa ameegemea ukuta. Nukta alikaa karibu na mkewe, au Mwalimu aliamini amekaa, maana asubuhi ile alipoamka ilimbidi apapase kitanda kwanza ndipo amwone, na aliposema naye midomo ya mumewe ilicheza bila sauti. Macho yake tu ndiyo yalibaki yaleyale, na yalikuwa yanamwogopea yeye, mkewe, si nafsi yake.

"Usihofu," Mwalimu alimnong'oneza. "Nikikosea, kohoa."

Akaanza na ukurasa wa kwanza, nusu iliyobaki kwenye karatasi, na nusu iliyoliwa akaitamka imamu kwa kichwa, yeye akairudia. Hapo mlango uliokuwa umefungwa ukapitisha baridi, na mwisho wa mkeka, pale ambapo hakuna aliyetaka kukaa, mkeka ukalia na ukabonyea.

Akasoma. Alisoma habari za msingi na mawe yaliyoletwa kwa migongo ya watu, akasoma mwaka wa mvua kubwa ukuta ulipoanguka na mwaka ulipoinuliwa, na kadiri alivyosoma harufu ya udongo ilizidi mpaka ikawa kama wote wamekaa ndani ya shimo lililochimbwa wakati ule, udongo wake bado unadondoka, na kila alipofika mwisho wa ukurasa ile sauti nzito iliitikia kutoka mwisho wa mkeka, na kila ilipoitikia ilikuwa imesogea, kwanza umbali wa mikono mitatu, kisha miwili, mpaka akaisikia kwenye bega lake, pumzi ya baridi ikipita juu ya ukurasa na kuipeperusha pembe ya karatasi, na binti yake akajifunika uso kwenye mapaja ya bibi, na bibi akawa anasoma dua moja tu tena na tena bila kuimaliza, na jua lilikuwa linashuka dirishani, na koo la Mwalimu lilikuwa limekauka linamwasha kama limekwanguliwa, lakini hakuthubutu kunyamaza hata ameze mate, kwa sababu kila aliponyamaza, Nukta pembeni yake alififia, na kila alipotamka, mstari wa shingo yake ulirudi, kisha sikio, kisha mkono.

Akafika kwenye orodha. Akazisoma zote saba. Kila alipotamka msikilizaji wa mwisho wa safu, kitu pale begani kilishusha pumzi, taratibu, kama mzee anayevuliwa viatu.

"Sasa andika," imamu akasema. "Upesi. Jua."

Mwalimu akachukua kalamu. Kazi hii aliijua. Miaka kumi na mitano, kila asubuhi, alisimama mbele ya darasa akaita mahudhurio, akitazama nyuso zilizo mbele yake moja baada ya nyingine, hakuna anayeachwa. Akafanya vilevile. Akamtazama imamu, akamwandika. Akamtazama mama mkwe, akamwandika. Binti yake. Mume wake; aliandika jina lake lote, la ukoo na la babu, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikaumia. Kisha akaandika, na msikilizaji wa mwisho wa safu. Akaweka tarehe.

"Yupo aliyebaki?" akauliza imamu.

Mwalimu aliwatazama tena wote waliokuwa mbele yake, akawahesabu kwa kidole. "Hakuna, Shehe."

Wino ukakauka. Ukakaa.

Ile harufu ikaondoka mara moja, kama mtu aliyefunga mlango. Feni ikaanza kuzunguka. Na mama mkwe akapiga ukelele, akainuka, bibi kizee wa magoti mabovu, akamrukia Nukta shingoni. "Mwanangu! Ulikuwa wapi wewe, mbona umekonda hivi?" Binti alishamfikia baba kabla ya bibi, amemkumbatia kiunoni, analia na kumgombeza kwa pamoja, mbona hukunisomea, siku zote hizi mbona hukunisomea. Nukta akalia waziwazi mbele ya imamu bila kujali. Sauti yake imerudi, nene, ya kukwaruza kidogo, sauti aliyoijua.

Mwalimu alibaki amekaa, miguu imemfa ganzi, anawatazama, anacheka na machozi yanamshuka. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Aliwaacha washikane kwanza, wana haki yao. Kisha akasema, "Haya jamani, twendeni nyumbani, koo langu limekwisha."

Hakuna aliyegeuka.

Nukta alijifuta uso, akakiokota kile kitabu. Mtu ni yuleyule, hata akitoka kuzimu atakagua maandishi. Akapitisha kidole kwenye orodha ya nane, akafika mwisho, akarudi juu, akakunja uso.

"Shehe, ni nani aliyetusomea?"

Imamu akageuza sikio upande huu, akageuza upande ule. "Nilisikia sauti ya mwanamke," akasema polepole. "Ilikuwa nzuri. Hukumwona wewe?"

"Sikumwona. Mama?"

Mama yake alitikisa kichwa. Binti naye.

"Maana orodha haina msomaji," akasema Nukta. "Imeandikwa kama mahudhurio ya shule, wasikilizaji watupu. Hii haifai. Msomaji ndiye wa kwanza kuandikwa."

Mwalimu alikuwa tayari amepiga magoti mbele yake. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akalitaja jina lake, la kwanza, la baba yake, la babu yake, kwa ile sauti inayofika nyuma ya darasa, na Nukta akasogeza mkono kidogo, kama mtu anayeondoa mkono wa shati usiguse wino. Mwalimu akaichukua penseli nyekundu, akaandika jina lake mwenyewe juu ya orodha. Herufi ya kwanza ilikuwa imeshapauka kabla hajamaliza ya tatu.

"Basi mwandike," mama yake akamwambia Nukta. "Kuna ugumu gani?"

Nukta akaishika kalamu. Akaiweka juu ya karatasi, akangoja. Alikuwa anasumbuka kweli, mkewe aliona, alikuwa anajitahidi kama anavyojitahidi kwa nukta iliyofifia, paji la uso limejikunja, macho yanatafuta chumba kizima na yanampita.

"Nimwandike nani?" akasema.

Imamu akaanza kuihesabu tasbihi yake upya. Nje jua lilikuwa limezama. Nukta akangoja kidogo tena, kisha akaifunika kalamu, akamshika binti yake mkono, akamsaidia mama yake kuinuka, akazima feni, na walipotoka wote akafunga mlango kwa ufunguo.